Habari ya Hofu Ikifika, Nani Kati Yetu Ataisoma?



Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeliumba jua na mwezi na akavipangia njia zake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, kuna ujumbe mmoja wa simu ambao haufi. Unapotea mwaka mzima, kisha usiku mmoja unarudi katika makundi yetu ya WhatsApp, na hata makundi ya darsa hayasalimiki. Unasema kwamba usiku wa leo, kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, miale ya hatari itapita karibu na dunia ikitokea upande wa sayari ya Mirihi. Basi zimeni simu, msilale nazo karibu na mwili, na waarifuni wote muwapendao. Mwishoni hubandikwa majina ya NASA na BBC ili upate uzito. Umezunguka Afrika na Asia kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Siri ya umri wake ni ndogo tu: unasema "leo" bila kutaja tarehe, kwa hiyo kila siku ni leo yake.

Tujiulize kwa ukweli. Ujumbe huo ukifika leo baada ya Isha, nani katika mabweni yetu anaweza kusimama akasema: huu ni uongo, na sababu yake ni hii? Simkusudii yule anayesema "achana nao" kwa kuwa amechoka. Namkusudia anayejua. Anayejua kwamba miale ya angani huifikia dunia usiku na mchana, siku zote, haina ratiba ya saa tatu, na wala simu haiivuti.

Tumezoea kurejea Suratul Hujuraat, aya ya 6, pale Mwenyezi Mungu anapotuamrisha tuchunguze habari inapoletwa na mtu asiyeaminika. Ni sawa. Lakini iko aya nyingine ambayo hatuitaji mara nyingi, nayo ni ya 83 katika Suratun Nisaa. Inawazungumzia watu ambao jambo la amani au la hofu likiwafikia, hulitangaza papo hapo. Na lau wangelirudisha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka miongoni mwao, basi wale wenye uwezo wa kulichunguza wangelijua. Neno lililotumika kwa watu hao lina asili ya kuchimba kisima: ni yale maji ya mwanzo yanayotoka baada ya jembe kufika chini. Kwa hiyo aya haituambii tunyamaze tu. Inatuambia habari ya hofu ina watu wake, watu wa kuchimba, nayo irudishwe kwao. Na hapo ndipo swali linapokuwa gumu. Tuirudishe kwa nani, kama kisima hakuna anayekichimba?

Jambo lenyewe ni la kweli

Ajabu ya ujumbe ule wa Mirihi ni kwamba ni uongo uliokaa juu ya jambo la kweli. Hatari kutoka angani ipo. Haitoki Mirihi, inatoka kwenye jua.

Jua haliangazi tu, linavuma. Saa zote linapeperusha chembechembe zenye chaji ya umeme, na mwendo wake wa kawaida ni kilomita 400 hivi kwa sekunde. Wataalamu wanauita upepo wa jua. Baadhi ya siku, hasa jua linapokuwa na madoa mengi usoni, hutokea mlipuko ukatupa mabilioni ya tani za chembe hizo kwa mara moja, zikiwa zimebeba sumaku yake ndani. Nuru ya mlipuko inatufikia kwa dakika nane na kidogo. Tani zenyewe huchukua kati ya saa 15 na siku tatu au nne. Dunia yetu nayo ina uga wake wa sumaku unaoizunguka kama ngao, na mara nyingi dhoruba hupita pembeni. Lakini ikiwa sumaku iliyobebwa na dhoruba imeelekea kusini, inaungana na uga wa dunia, na ngao inafunguka.

Ikifunguka, mambo hutokea. Mwaka 1859 waya za telegrafu za Ulaya na Amerika zilitoa cheche na kuwapiga shoti wahudumu wake. Tarehe 13 Machi 1989 gridi ya umeme ya Quebec, Kanada, ilianguka kwa muda wa dakika moja na nusu tu, na watu milioni sita wakakaa gizani kama saa tisa. Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokuwa kinazipiga nchi za Karibi, jua nalo lililipuka, na mawasiliano ya redio za masafa marefu waliyoyategemea waokoaji yakakatika kwa muda. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink. Dhoruba ambayo wala haikuwa kubwa ikaifanya hewa ya juu ivimbe na kuwa nzito, na setilaiti 38 kati ya hizo zikarudi chini zikaungua.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna sehemu yetu pia, ingawa si ileile ya Quebec. (Msije mkaambiwa kwamba kila umeme ukikatika Rohero ni dhoruba ya jua. Jua lina kazi nyingi, lakini hilo si lake.) Sehemu yetu iko juu ya vichwa vyetu, katika tabaka la hewa liitwalo ionosfia. Katika ukanda huu wa joto, baada ya Magharibi, tabaka hilo huchemka na kutoa mapovu, hasa miezi ya Machi na Septemba, na mawimbi ya GPS yakipita humo hutikisika kama mwanga wa taa ndani ya maji. Ndege zinazotua usiku, vipimo vya ardhi, na mitambo ya simu na benki inayopokea saa yake kutoka kwa setilaiti, vyote vinapita chini ya paa hilo. Mwanafunzi anayetuma pesa kwa simu pale Bwiza baada ya Isha hana habari kwamba juu yake kuna povu.

Sasa, kwa nini setilaiti? Kamera zinaweza kuona mlipuko ukiondoka kwenye jua. Kitu ambacho hakuna anayekiona kutoka hapa ni ile sumaku iliyomo ndani, imeelekea wapi. Hilo hujulikana pale tu dhoruba inapokigusa chombo cha kupimia. Kwa hiyo wakaweka vyombo mbele, kilomita milioni moja na nusu kutoka duniani kuelekea jua, kama mara nne ya umbali wa mwezi: mahali ambapo mvuto wa jua na wa dunia vinapatana kiasi kwamba chombo hukaa hapo bila kutupotea. ACE iko huko tangu 1997. DSCOVR ilirushwa tarehe 11 Februari 2015. Na Septemba 2025 ikarushwa SWFO-L1, iliyoundwa tangu mwanzo kwa kazi hii ya ulinzi.

Pigeni hesabu wenyewe. Dhoruba ikija kwa kilomita 800 kwa sekunde, kutoka pale mpaka hapa ni nusu saa. Ikija kwa mwendo wa 2,000, ni dakika 12 na nusu. Kazi yote ile, fedha yote ile, ni kwa ajili ya nusu saa ya tahadhari. Na nusu saa inatosha: mwenye gridi anapunguza mzigo, rubani anabadilisha njia, mwenye setilaiti anaigeuza. Inatosha kama yuko mtu aliyekaa macho kuisoma.

DSCOVR yenyewe ina kisa chake. Ilitengenezwa kwanza kwa jina la Triana mwishoni mwa miaka ya 1990, siasa za Marekani zikaingia kati, na mwaka 2001 ikafungiwa stoo. Ikakaa humo mpaka 2008. Chombo cha kuonya kikawekwa kabatini kwa sababu watu walikuwa wanagombana juu ya nani alikuja na wazo. Sitaongeza neno, mwenye kuzijua kamati zetu za wanafunzi ameshaelewa.

Malindi, 1971

Mtu atasema: haya ni mambo ya Wamarekani huko. Ngojeni. Tokeni nami hapa Bujumbura twende moja kwa moja mashariki, bila kupinda kaskazini wala kusini, mpaka bahari ya Hindi. Tutatokea Malindi. Mji huo na huu wetu iko karibu latitudo moja, digrii tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Kaskazini ya Malindi kuna Ngomeni, kijiji cha wavuvi, na mbele yake baharini, katika ghuba ya Ungwana, kulisimamishwa jukwaa la chuma lililoitwa San Marco. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma ndiye aliyelisimamia. Alikuja huku kwa sababu ya ikweta: hapa dunia inazunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupewa msukumo huo bure.

Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilipaa kutoka pale. Maarufu kuliko zote iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Hiyo ilikwenda kutazama nyota. Ninayotaka mwijue zaidi ni ya mwaka uliofuata, ambayo haikupewa jina la kupendeza. Inaitwa S3, au Explorer 45. Iliruka kutoka San Marco tarehe 15 Novemba 1971, ikiwa na uzito wa kama kilo 50, mfuko mmoja wa saruji. Njia yake iliichukua mpaka umbali wa takriban kilomita 27,000, na kazi yake ilikuwa kupima mkondo wa umeme unaoizunguka dunia wakati wa dhoruba za sumaku: unaanzaje, unakua vipi, unazimika vipi.

Haikungoja sana. Mwezi mmoja tu baadaye, katikati ya Desemba 1971, dhoruba ikaja na S3 ikaipima. Kisha Agosti 1972 ikaja kubwa. Ile ya tarehe 4 Agosti ilisafiri kutoka kwenye jua kwa muda usiofika saa 15. Mabomu yaliyotegwa na Marekani baharini kaskazini mwa Vietnam, ambayo yalitengenezwa yalipuke kwa kuhisi sumaku ya meli, yalianza kulipuka yenyewe bila meli yoyote. Sababu yake ilikuja kuelezwa wazi na watafiti mwaka 2018. Wanaanga wa Apollo 16 walikuwa wamerudi Aprili, wa Apollo 17 walikuwa bado kuondoka. S3 ilikuwa juu, inaandika. Iliendelea na kazi mpaka 1974.

Sasa tazameni. Chombo hiki kiliondoka kwenye maji ya Waswahili, mbele ya pwani ambayo watu wake wanaelekea kibla kimoja na sisi. Kimeacha maandiko ya kitaalamu ambayo bado yanasomwa. Siwalaumu Waitaliano wala Wamarekani. Walikuwa na swali, wakaja kulitafutia jibu mahali panapofaa. Swali langu ni kwetu. Ni wangapi kati ya vijana wa madrasa zetu, kutoka Malindi mpaka Buyenzi, walikuwa upande wa kusoma zile namba zilipokuwa zinashuka?

Falaki

Neno lenyewe linatushitaki. Kwa Kiarabu ilmul falak ni elimu ya mienendo ya vilivyo angani. Misikiti mikubwa ilikuwa na mtu wa kazi hiyo, muwaqqit, anayelipwa kutazama anga na kupima nyakati za swala. Ibn al-Shatir, aliyekuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umayya kule Damascus na kufariki mwaka 1375, alikuwa miongoni mwa wanafalaki wakubwa wa dunia nzima katika zama zake. Mshahara wake ulitoka msikitini. Katika Kiswahili chetu je? "Kupiga falaki" ni kwenda kwa mtu mwenye kitabu kilichochakaa akuhesabie jina lako na la mama yako, akwambie kama biashara itafaa. Neno tulilipokea, elimu tukaiacha njiani, na mahali pake tukaweka kile ambacho dini imetukataza.

Ndiyo maana baadhi ya ndugu huuliza kwa nia njema: huku kutabiri dhoruba za jua si kudai ghaibu? Jibu ni hapana. Mvuvi wa ndagala anayeona wingu zito juu ya milima ya Uvira, akaukusanya wavu na kurudi ufukweni, hakudai ghaibu. Ameona kilichokwisha kuondoka. Setilaiti haifanyi zaidi ya hapo. Inaona wingu la jua kutoka karibu. Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu. Mtu anayesema dhoruba imepita kwenye kipimo dakika tano zilizopita anatoa ushahidi, na ushahidi tumeamrishwa kuutimiza.

Kuna kosa la upande wa pili pia, nalo kwa wanachuo ni kubwa zaidi. Mtaona video zinazosema kwamba Suratul Anbiyaa, aya ya 32, inapotaja mbingu kuwa dari iliyohifadhiwa, imekusudia uga wa sumaku, na kwa hiyo sayansi imethibitisha Qur'an. Naiogopa haraka hii. Wafasiri wa zamani walieleza hifadhi hiyo kwa njia zao, kama vile kuhifadhiwa isianguke na kuhifadhiwa na mashetani. Hawakuwa wanangojea maabara iwaruhusu kuamini. Na nadharia ya leo ikibadilika kesho, tutamwambia nini yule tuliyemjengea imani juu yake? Zaidi ya hayo, isomeni aya mpaka mwisho. Inamalizia kwa kuwalaumu watu wanaozipa mgongo ishara za mbingu hiyo. Sisi tumeshika neno "dari", tumepiga takbira, na lawama tumeipita.

Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha adabu ya jambo hili katika siku iliyokuwa ngumu kwake kama mzazi. Mwaka wa 10 Hijria mwanawe Ibrahim alifariki akiwa mchanga, na jua likapatwa. Watu wakasema: limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Lau angetaka sifa, angenyamaza; watu wenyewe walikuwa wameshaianzisha. Akasimama, katika msiba wake, akawafahamisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa kifo cha yeyote wala kwa uhai wake, kisha akawaelekeza kwenye swala. Alikataa anga isomwe vibaya hata pale usomaji huo mbaya ulipomtukuza yeye.

Chungu na ndege

Turudi kwenye swali la nani ataisoma habari. Suratun Naml ina mafundisho mawili yaliyokaa karibu karibu, na sijui kama huwa tunayasoma pamoja.

La kwanza ni la chungu. Jeshi la Nabii Sulaiman (A.S.) linakuja, na chungu mmoja anawaita wenzake waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na Sulaiman na majeshi yake bila wao kutambua. Angalieni tahadhari hiyo ilivyo. Ni fupi. Imetaja hatari ni ipi, imetaja pa kukimbilia, imetolewa wakati bado upo. Na haina uzushi: haikusema jeshi limekuja kwa ubaya, bali kwamba huenda wasitambue. Mpimeni chungu huyo na ujumbe wa Mirihi mwone nani ana elimu.

La pili ni la hudhudi. Ndege mdogo, amekwenda mbali mbele ya jeshi, akarudi na habari ya Sabaa, akasema amejua jambo ambalo Sulaiman hakulijua. Akamwambia hivyo nabii na mfalme! Na Sulaiman hakumdharau kwa udogo wake, wala hakumkubalia kwa kuvutiwa na habari. Alisema watatazama kama amesema kweli au ni miongoni mwa waongo, kisha akamkabidhi barua. (Sisemi hudhudi ni setilaiti. Nimetoka kuwaonya sasa hivi.) Ninachosema ni kwamba habari ya mbali ilihitaji watu wawili: wa kwenda kuiona, na wa kuipima. Mwenyezi Mungu ametusimulia wote wawili.

Wikiendi moja ya Mei 2024 ilituonyesha umuhimu wa huyo wa pili. Ijumaa tarehe 10 dhoruba kubwa kuliko zote tangu 2003 iliipiga dunia. Mianga ya rangi ikaonekana mpaka Florida na Mexico, na wakulima wa Marekani wanaopanda kwa kuongozwa na GPS wakasimamisha matrekta. Jumapili tarehe 12 intaneti ikaanguka katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiathirika zaidi. Dhoruba Ijumaa, intaneti Jumapili: hata mtu mwenye akili timamu angeunganisha. Lakini sababu ya Jumapili ilikuwa nyaya za EASSy na Seacom zilizokatika chini ya bahari upande wa kusini. Jua halikuwa na mkono. Kulijua hilo siku ileile kulihitaji mtu anayeielewa dhoruba na anayeielewa pia nyaya. Bidii ya dini peke yake haikutosha, na wala si kazi yake.

Imam al-Ghazali, katika Ihyaa, alilalamikia miji ya zama zake ambayo haikuwa na tabibu isipokuwa wasio Waislamu, huku wanafunzi wakirundikana kwenye mijadala ya fiqhi ambayo tayari ilikuwa na wa kuitosha. Tiba na hesabu aliziita fardhi kifaya: wakiwepo wachache wakazisimamia, wengine wameokoka, asipokuwepo hata mmoja, mji mzima una dhambi. Sioni kwa nini elimu ya kujua hatari inayokuja juu ya vichwa vya watu, Waislamu na wasio Waislamu, itoke katika hesabu hiyo. Na naona baadhi yetu waliosajiliwa Fizikia wanaomba kuhama kwa kuambiwa haina kazi, na wengine wameaminishwa kuwa haina dini. La kwanza ni shida ya kweli, sitalifanyia mzaha. La pili halina msingi.

Njia si ndefu kama inavyodhaniwa. Takwimu za vyombo vile vilivyo mbele ya dunia hutolewa bure, karibu papo hapo, kwa yeyote mwenye intaneti. Kule Hermanus, Afrika Kusini, kuna kituo kinachotoa maonyo kwa bara letu saa 24. Mbarara nchini Uganda na Bahir Dar nchini Ethiopia wapo wahadhiri na wanafunzi wanaoichunguza ionosfia yetu hii hii. Mbarara ni safari ya basi.

Kwa hiyo ninaomba jambo dogo kwa jumuiya yetu. Watafutwe watu wanne au watano, kaka na dada, wa Fizikia, Hesabu, Umeme na Kompyuta. Wajifunze kwanza kielezo cha Kp, kinachotoka 0 mpaka 9 kuonyesha ukali wa dhoruba, na wakitazame kila siku kama tunavyotazama ratiba ya swala. Simu nyingi za Android za leo huweza kuhifadhi mawimbi ghafi ya GPS. Si chombo cha maabara, lakini ukiiweka juu ya paa kuanzia Magharibi mpaka usiku wa manane, mwezi mzima wa Machi, utaanza kuyaona yale mapovu kwa macho yako. Wakae na mhadhiri mmoja anayekubali kuwasimamia. Na sisi wengine tuwape haki yao kwa mujibu wa aya ile ya Nisaa: habari yoyote ya anga itakayofika kwenye makundi yetu iende kwao kwanza, isisambazwe mpaka wamesema.

Machi ya kwanza itakayokuja baada ya toleo hili inatosha kuanzia. Mtu wa kwanza wa paa aandike tarehe, saa na alichokiona, hata kama hakuona kitu, kisha daftari limfuate wa pili.

Wabillahi tawfiiq.